Kitoweo cha Kuongeza Damu

Mama muuguzi wa zahanati yetu alipima damu kwa kidole gumba. Alimkalisha mtu kwenye benchi la nje, penye mwanga, akamvuta kope la chini taratibu, akainama kutazama. Kwa wifi yangu, alivuta kope la kulia, akamvuta la kushoto, kisha akarudi tena la kulia kama mtu ambaye hakuamini alichokiona.

"Binti, wewe unakula?"

"Ninakula," wifi akasema.

"Anakula!" Mama yangu akadakia kabla sauti ya wifi haijatulia. "Kwangu anakula vizuri sana."

Wifi alikuwa mke wa kaka yangu mkubwa, aliyekuwa karani kwenye ghala la ushirika pale Kilwa Masoko. Msimu mmoja wa korosho kaka alitumwa bara, upande wa Lindi, kwenda kupima magunia. Akarudi na magunia, na habari za msichana mmoja wa Kimwera. Mwaka haukwisha, msichana akawa wa kwetu: mrefu, mpole, mwenye kicheko alichokificha nyuma ya kiganja kana kwamba meno yake ni siri ya nyumbani kwao. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza niko darasa la saba, na nilimpenda kwa vurugu zote za umri ule.

Miaka ile tuliishi katika kijiji kipya cha ujamaa, kando ya barabara ya kwenda Masoko. Nyumba zilisimama kwa mistari, na chokaa ya zahanati ilikuwa haijakauka vizuri. Ukiiegemea unaondoka na mgongo mweupe. Tuliamini kila kitu kinaweza kufundishwa. Wazazi wetu walifundishwa kusoma jioni, wakafundishwa kuchimba vyoo, wakafundishwa kula. Redio ya kijiji ilikaa juu ya meza kwenye uwanja wa ofisi, na somo la chakula lilipoanza Mama alikaa mstari wa mbele kabisa, ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza hukumu ya kesi yake mwenyewe.

Kwa hiyo maneno ya mama muuguzi yalimchoma.

"Macho meupe, mama. Mwenye mimba ya miezi sita asiwe na macho meupe hivi. Damu yake imepungukiwa na madini ya chuma."

"Basi mpe vidonge."

"Vidonge vimekwisha. Tunasubiri gari la Lindi. Mpaka lije, dawa itoke jikoni kwako." Akaanza kuzitaja dawa hizo: samaki, dagaa, kombe wa baharini, maini yakipatikana, kunde, kisamvu, mboga zote za majani yaliyokolea kijani. Akasema ndimu ikamuliwe juu yake, maana inasaidia. "Na chai msimpe pamoja na chakula. Chai inazuia kile chuma kisiingie mwilini. Chakula kitulie kwanza, chai ije baadaye sana."

Wifi alisikiliza yote hayo akiwa ameinamia vidole vyake vya miguu. Kisha akauliza swali lililomleta.

"Na safari yangu?"

Kwao, mtoto wa kwanza anazaliwa kwa mama mzazi. Mwanamke anarudi nyumbani tumbo likiwa kubwa, analala kwenye chumba alichokulia, na wa kwanza kumpokea mtoto ni yule aliyempokea yeye. Kaka alikwisha zungumza na dereva wa lori la korosho ampeleke mvua hazijakata barabara. Mama yake wifi alikwisha tuma salamu kwamba kitanda kimesukwa upya.

"Kwenu kuna zahanati?" mama muuguzi akauliza.

"Hakuna. Kuna mama yangu."

"Mama yako nampa heshima zake. Lakini ukimwaga damu hii kidogo uliyonayo, hana pa kuipata nyingine. Kwa macho haya sikuruhusu kupanda lori. Nitakupeleka hospitali kubwa ya Lindi ukasubiri huko." Akaona uso wa wifi, akalainisha sauti. "Bado kuna kliniki mbili. Damu ikipanda, nenda kwa mama yako na dua zangu."

Tuliporudi, wifi alilia bila sauti njia nzima. Alisema neno moja tu, "Lindi mjini sina mtu." Mama alitembea mbele yetu, hatua ndefu, kanga ikipigapiga miguuni. Karibu na nyumbani aligeuka ghafla.

"Unajua mama yako atasema nini? Atasema nimemshindisha njaa mtoto wa watu."

"Mama, hatasema hivyo."

"Atasema. Mimi ningesema."

Jioni ile ile Mama aliingia barazani na kuchota komwe, zile mbegu za kuchezea, kwenye ubao wa bao wa Baba. Akaziweka kwenye mkoba wa kitambaa, akachukua kifuu kitupu cha nazi, akakitundika jikoni kwenye msumari. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Kila mlo wenye chakula cha damu, komwe moja inaingia kwenye kifuu. Kila chai itakayonywewa juu ya chakula, komwe moja inatoka. Kifuu kikijaa, damu itakuwa imejaa.

"Mke wangu," Baba akalalamika, "sasa mimi na wenzangu tucheze bao na mapengo?"

"Chezeni na korosho."

Wakacheza na korosho. Ndio mchezo pekee wa bao nilioona kete zikiliwa mpaka zikaisha ubaoni, na wazee wakasimama kila mmoja akimsingizia mwenzake, mashavu yamevimba.

Nyumba nzima iligeuka kuwa ya damu. Mimi na Mama tulishuka pwani maji ya bamvua yalipotoka, tukachimbua kombe kwenye matope mpaka viuno vikakataa kunyooka. Wifi alipofunuliwa ndoo, akarudi nyuma.

"Wifi, hawa ni konokono."

"Ni kombe, wifi yangu."

"Konokono akiingia baharini anabadilishwa jina?"

Kaka alileta maini kutoka Masoko siku za Ijumaa, yamefungwa kwenye jani la mgomba. Dagaa walikaangwa, kunde zikaungwa kwa nazi, na juu ya kila kitu Mama alikamua ndimu mpaka vidole vikamchonyota. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa chai, na ugumu huo ulikuwa na jina moja: Bibi.

Bibi, mama yake Baba, alikunywa chai ya rangi kama wengine wanavyovuta pumzi. Alikula tonge, akanywa funda, akala tonge. Kwa kuwa kaka alikuwa mjukuu wake, alimwita wifi mke mwenzake, na alimtania bila huruma.

"Mke mwenzangu, umekuja umeninyang'anya mume, nikanyamaza. Sasa na chai?"

"Bibi, wewe kunywa. Mimi ndiye niliyekatazwa."

"Hanywi mtu!" Mama akasema kutoka jikoni. "Harufu inamtamanisha."

"Mimi sina mimba!" Bibi akapiga kelele, na majirani wa mstari mzima wakacheka. Toka siku hiyo alikunywa chai yake nyuma ya nyumba, amefunika kikombe cha bati kwa ukaya, ule mtandio wake wa kichwani, na mvuke ukimtoka kifuani kama chungu kilichofunikwa vibaya. Mama akimkuta, Bibi anasema anajifukiza kikohozi.

Na tulikula kwa furaha! Nikikumbuka sinia lile hata leo mate yananijaa. Wanawake tulikaa kwenye mkeka uani, Bibi, Mama, wifi, mimi, na mara nyingi jirani mmoja au wawili waliokuwa wametoka shamba la kijiji na harufu ya mihogo mibichi mikononi. Wali au ugali ulijaa sinia, kitoweo kilikaa katikati, na Mama, kama mkubwa wa jiko, alikigawa: kipande hiki kwako, hiki kwako. Akimaliza anaokota komwe moja mkobani, anaitupa kwenye kifuu. Ikilia *ko*, roho zetu zinatulia. Kifuu kilipokaribia kujaa, Mama alikitikisa masikioni mwa wageni.

Siku ya kliniki ilipofika Mama alivaa kanga mpya. Bibi naye akaja, kwa sababu ya goti lake. Tulikaa kwenye benchi kama watu wanaokwenda kupokea zawadi.

Mama muuguzi akavuta kope la wifi. Akatazama. Akalegeza kidole.

"Pale pale."

"Haiwezekani," Mama akasema. "Kifuu kimejaa."

"Kifuu gani?"

Ikabidi aelezwe habari zote, komwe, maini, ndimu, chai ya nyuma ya nyumba. Mama muuguzi alicheka mpaka akashika ukuta, mkono ukatoka mweupe wa chokaa. Halafu akaacha kucheka, akatutazama mmoja mmoja.

"Mama, hebu kaa hapa." Akavuta kope la Mama. Lilikuwa jekundu kama komamanga lililopasuliwa. Akanivuta mimi: jekundu. Akamvuta Bibi, akapiga yowe dogo la mshangao. "Bibi! Wewe unaweza kujifungua pacha!"

"Nilisema sina mimba," Bibi akajibu.

"Jamani, chakula kimefanya kazi. Damu ipo tele. Ila imekwenda kwa wengine." Akamgeukia wifi, akachuchumaa mbele yake kama anavyochuchumaa mtu mbele ya mtoto. "Niambie mwanangu. Maini ya Ijumaa alikula nani?"

Wifi akaminya ncha ya kanga. "Mama alinigawia mimi."

"Halafu?"

"Nikampa bibi. Hana meno, na maini ni laini."

"Na dagaa?"

"Wifi huyu ametoka shule ana njaa, naona haya kula mbele yake."

"Na wale kombe?"

"Kombe," wifi akasema, na kwa mara ya kwanza akainua uso, "nilimpa jirani. Lakini hao, mama, nisikudanganye, hata kusingekuwa na adabu nisingewala."

Hata Mama alicheka, ingawa machozi yalikuwa yamemlengalenga. Tulikuwa tumelihesabu sinia. Mkono wa wifi hatukuutazama. Na nani angeutazama? Kwenye sinia la watu wengi hakuna anayejua mwenzake amekula kiasi gani, na mkamwana mwema ni yule anayemega pembeni, anachovya mchuzi, na kipande chake anakisogeza kwa mkubwa wake polepole, chini ya maongezi, kama hakuna kilichotokea. Tulikuwa tumemsifia adabu hiyo. Tulimsifia hadharani.

Njiani Mama alikwisha pata jibu. "Kuanzia leo utakula peke yako. Sahani yako, kitoweo chako, mpaka nione mwisho wake."

Wifi akasimama katikati ya barabara. "Mama, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Ni dawa."

"Jirani akija akanikuta nimetengewa sahani, mimi nimekaa kule, ninyi mmekaa huku, atajua ni dawa? Atasema nina ugonjwa wa kuambukiza. Au atasema ninarudishwa kwetu."

Ilikuwa kweli. Katika maisha yangu yote pale kijijini nilikuwa nimemwona mke mmoja tu akitengewa sahani yake, na wiki ile ile mikoba yake ilifungwa.

"Basi nitakulisha mwenyewe. Kwa mkono wangu, tonge kwa tonge."

"Nitaona haya, Mama. Halitashuka."

"Sasa unataka nifanye nini, mwanangu? Unataka kwenda Lindi?"

"Nataka kwenda kwa mama yangu!" wifi akasema, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake. Mwenye baiskeli aliyekuwa akipita akageuza shingo. Wifi akajifunika mdomo, akavuta pumzi, na akazungumza maneno mengi kuliko yote aliyokuwa amesema tangu aolewe.

"Kwenu kitoweo kina vipande, na kila kipande kina mwenyewe. Ninakiona kipande, ninamwona na mtu wake. Hiki cha bibi, hiki cha Mama, hiki cha mtoto. Mkono wangu ukienda pale unarudi wenyewe, si kwamba ninaurudisha. Kwetu mama anatwanga. Mboga anatwanga, dagaa anatwanga, ufuta anatwanga, vyote vinaingia chungu kimoja. Huwezi kumpa mtu kipande kwa sababu kipande hakuna. Kila mtu anamega alipo." Akamsogelea Mama. "Mama, naomba kinu."

Hilo nalo halikuwa dogo. Mama hakuwa amemwachia mkamwana wake jiko hata siku moja. Aliona ni kumtunza: mgeni hatwangi, mwenye mimba hatwangi. Nadhani vilevile alilipenda jiko lake. Alisimama pale barabarani akiutazama mwembe wa mtu mwingine, na ni Bibi aliyepoteza subira.

"Mpe kinu, wewe! Huoni umekuwa ukinilisha mimi damu ya kitukuu changu? Mimi nitaipeleka wapi?"

Kesho yake wifi alifungua kibunda alichotumiwa na mama yake, ufuta wa kwao, punje ndogo zenye rangi ya mchanga uliolowa. Akaukaanga kikavu mpaka ukaanza kurukaruka na uani kukanukia kama harusi. Mimi nilitwanga kisamvu na majani ya kunde, yeye akatwanga dagaa waliokwisha kaushwa motoni, na mara tukakamatana katika mwendo, mchi wangu unapanda wake unashuka, mpaka majirani wakachungulia juu ya ua kuuliza kama kuna ngoma. Aliimba kwa Kimwera, taratibu, na kicheko kilipomjia hakukumbuka kukifunika, maana mikono yote miwili ilikuwa kwenye mchi.

Ijumaa maini yalipofika akayachemsha, akayatia kinuni.

"Maini!" Mama akasema, mkono kifuani. "Kwenye kinu!"

"Mama, utaona."

Kilichotoka chunguni kilikuwa kizito, kijani cha kuelekea weusi, chenye tui na embe bichi kwa ajili ya ukali. Kililala katikati ya sinia kimetulia, hakina hata kichwa cha dagaa cha kumgawia mtu. Bibi alikizunguka kwa vidole.

"Kipande changu kiko wapi?"

"Umeshakila, bibi."

"Nimekula saa ngapi?"

"Hilo tonge la sasa hivi."

Bibi akatafuna, akatafakari, akamega tena. "Mke mwenzangu," akasema, "mume mchukue."

Nilimtazama wifi. Sote tulimtazama huku tukijifanya hatumtazami. Mkono ulitoka kifuani kwake, ukafika katikati, ukatafuta cha kumpa mtu, haukukipata. Ukamega. Tonge likaenda kinywani. Kisha jingine. Alikula kama mtu aliyeingia nyumbani kwao bila kubisha hodi. Hata kombe aliwatwanga siku moja, amefumba macho na kugeuza uso pembeni, akisema kwamba akishatwangwa hana jina tena.

Mama hakuacha kupima; alikimwaga kifuu akaanza upya. Ila sasa alikaa mbele ya wifi, macho yake yakiufuata ule mkono kutoka sinia mpaka mdomoni, na komwe haikuingia kwenye kifuu mpaka awe ameridhika. Siku moja wifi alikuwa na kichefuchefu, akala kidogo sana. Mama alishika komwe muda mrefu, akairudisha mkobani. Wifi akaona. Jioni, bila kuambiwa, akapasha kiporo, akanivuta niketi naye, tukala hadi chungu kikaonyesha udongo wake.

Mawingu yalianza kujikusanya upande wa bara. Dereva wa lori akatuma neno kwamba anaondoka baada ya kliniki, na hatarudi tena njia ile mpaka mvua ziishe. Usiku wa kuamkia kliniki sikusikia mtu akilala.

Mama muuguzi akavuta kope la kulia. Akavuta la kushoto. Mama yangu alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu iliyoacha alama.

"Si jekundu kama la mama mkwe wako," mama muuguzi akasema. "Hilo nadhani halitapatikana. Lakini limepanda. Limepanda vizuri." Akafungua kabati, akatoa pakiti ya vidonge, kwani gari la Lindi lilikuwa limefika. "Utakaa mbele na dereva, si juu ya magunia. Vidonge hivi kila siku. Mboga yako uitwange hadi siku ya uchungu. Na uchungu ukianza, apelekwe mtu mapema kumwita muuguzi wa kijiji jirani, mama yako asibaki peke yake. Umenielewa?"

Wifi aliitikia akiwa begani kwa Mama. Alikuwa amekwisha inuka, amemkumbatia Mama, tumbo likiwa katikati yao, na wote wawili wakicheka kama wasichana waliofaulu mtihani.

Aliondoka asubuhi yake, kaka akiwa pamoja naye. Mvua zilishuka wiki ile ile, barabara ikafungwa, na kwa muda mrefu hatukupata habari yoyote. Mama alitwanga. Hakuna aliyemwomba, alisema anafanya mazoezi. Chai ilirudi kwenye mkeka, ingawa Bibi alikuwa amezoea nyuma ya nyumba na aliendelea kwenda huko, kwa raha zake.

Kaka alirejea barabara ilipokauka, amechafuka tope hadi magotini, kuku mmoja kwapani. Mama alimpokea kuku kabla ya kumpokea mtoto wake.

"Sema."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, sema!"

"Ni msichana. Mzima. Mama yake naye mzima, siku ya pili alisimama mwenyewe akaja barazani kunisalimia."

Bibi akapiga vigelegele. Mama hakupiga. Alimshika kaka mkono.

"Na mkwe wako? Alisema nini alipomwona mwanawe?"

"Alimzunguka mara moja, amemshika mabega. Akasema, 'Huyu ametoka kwenye nyumba inayolisha.' Kuku ni wako. Ametuma shukrani."

Mama alikaa chini kwenye mkeka, pole pole, kuku bado mikononi. Alivuta ncha ya kanga, akajifuta uso, akakohoa.

"Alisema hivyo mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, Mama."

"Wangapi?"

Kaka akavua viatu, akavigonganisha tope lidondoke, akitabasamu. "Kijiji kizima kilikuwepo."